Al Amerat: Msanii anapouza kazi kwa mkono wake

Jua linapozama nyuma ya milima inayoizunguka Al Amerat na joto la mchana kupungua, familia huanza kutoka majumbani. Baadhi huelekea katika bustani ya umma, baadhi katika mikahawa iliyo kandokando ya barabara kuu, na wengine madukani. Kwa mchoraji anayeishi katika wilaya hii ya mkoa wa Muscat, nchini Oman, saa hizo chache baada ya sala ya Magharibi ndizo saa za soko.

Suala linalomkabili jioni hiyo ni la mahali. Akatundike wapi picha zake? Kwa ruhusa ya nani? Na mnunuzi akishalipa, mauzo hayo yaandikwe katika daftari la nani?

Maswali hayo si mageni kwa watu wa Afrika Mashariki. Yalikwisha kuulizwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na majibu yake yaliwatajirisha baadhi ya watu na kuwaacha wengine mikono mitupu. Historia hiyo inaonyesha kwamba kuuza uso kwa uso humpa msanii bei bora na humjengea jina. Lakini faida hiyo hudumu pale tu ambapo kuna maandishi ya kuilinda.

Mji ulio nyuma ya mlima

Al Amerat ni mojawapo ya wilaya sita za mkoa wa Muscat, au Maskati kama wazee wa Unguja wanavyoendelea kuita. Nyingine ni Muscat yenyewe, Muttrah, Bawshar, Seeb na Qurayyat. Mji wake uko bara, umetenganishwa na pwani na safu ya milima ya mawe makavu, na moja ya njia za kuufikia ni barabara inayopanda na kuteremka mlima kutoka Bawshar.

Zamani mahali hapo paliitwa Al Mutahaddimat, jina lenye maana ya mahali palipobomoka. Sultan Qaboos bin Said, aliyetawala tangu mwaka wa 1970 hadi alipofariki dunia mwezi wa Januari mwaka 2020, ndiye aliyelibadilisha likawa Al Amerat, yaani mahali palipostawi na kukaliwa na watu. Jina hilo jipya limetimia. Kadiri jiji lilivyopanuka, familia nyingi zimejenga upande huu wa mlima, na mitaa ya nyumba mpya imeenea bondeni.

Nyumba mpya maana yake ni kuta tupu, na kuta tupu ni habari njema kwa mchoraji. Hata hivyo, majumba ya sanaa yanayofahamika zaidi yako upande wa pili wa mlima. Jumba la makumbusho la Bait Al Zubair lilifunguliwa mwaka 1998 katika mji wa kale wa Muscat. Bait Muzna, iliyojihusisha na uuzaji wa picha, ilifuata mwaka 2000 katika eneo hilo hilo. Watalii wanaoshuka kutoka katika meli huishia katika soko la Muttrah, ambako huuzwa ubani, majambia na vitambaa.

Ni kweli kwamba sanaa ya Oman imepiga hatua. Jumuiya ya Sanaa za Uchoraji ya Oman iliundwa mwaka 1993, na mwaka 2022 nchi hiyo ilishiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake katika maonyesho makubwa ya kimataifa ya Venice, nchini Italia, kwa kazi za wasanii watano. Lakini mlango wa Venice ni mwembamba. Mwalimu wa shule anayechora usiku, au mama wa nyumbani anayeandika khati za Kiarabu kwenye kanvasi, hutafuta soko karibu na mlango wake.

Soko hilo lipo, ila limetawanyika. Bustani ya Al Amerat ilikuwa kwa misimu kadhaa mojawapo ya viwanja vya Tamasha la Muscat, lililoanzishwa mwaka 1998. Kijiji cha urithi kilichojengwa humo wakati wa tamasha kiliwakutanisha wafumaji, wafinyanzi na wapishi na maelfu ya watu waliokuja na watoto wao. Tamasha jipya la Usiku wa Muscat, lililoanza mwaka 2023, nalo limeitumia bustani hiyo. Ipo pia mikahawa, zipo shule zinazoandaa siku za maonyesho, na yapo matawi ya Jumuiya ya Wanawake wa Oman, ambayo huandaa minada na maonyesho ya kazi za mikono, hasa inapokaribia tarehe 17 Oktoba, Siku ya Mwanamke wa Oman.

Kabla ya Idi, sehemu mbalimbali za nchi hufanya masoko ya wazi yanayoitwa habta, ambamo mbuzi, nguo, halwa na vitu vya watoto huuzwa tangu alfajiri. Hakuna anayekwenda habta kwa nia ya kununua picha, na hapo ndipo ilipo nafasi ya msanii. Mtu aliyekuja kwa jambo jingine, mwenye fedha mkononi na moyo wa sikukuu, husimama mbele ya kitu ambacho hakuwa amekipanga.

Funzo la Oyster Bay

Ukweli huo ulidhihirika Dar es Salaam mwaka 1968. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, aliyepata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na baadaye kazi za nyumbani mjini, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Hakuwa na shule ya sanaa wala jumba la maonyesho. Picha zake ziliuzwa karibu na maduka ya Morogoro Stores, mtaa wa Oyster Bay.

Mahali hapo palikuwa nusu ya mafanikio yake. Oyster Bay ilikuwa makazi ya wageni na watu wenye mishahara mizuri. Waliofika dukani kununua mkate na mboga waliondoka na chui au ndege mwenye rangi kali. Kipande cha hadibodi kilibebeka kwa mkono na kuingia katika buti ya gari, na bei yake haikumlazimu mnunuzi kwenda kushauriana na mtu.

Biashara hiyo ilidumu miaka minne tu kwa mwanzilishi wake. Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayekimbia. Ndugu na wanafunzi aliowafundisha waliendelea kuchora pale pale, na mwaka 1990 walikuwa na chama chao cha ushirika.

Tangu hapo jina lake limekuwa kubwa kuliko wote waliomfuata. Mtindo wenyewe huitwa Tingatinga duniani kote, na mwaka 2010 filamu za katuni za watoto zilizochota sura yake kutoka katika mtindo huo, zikatengenezwa Nairobi, zilianza kuonyeshwa na televisheni ya Uingereza. Wakati huo huo, katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar na masoko ya vinyago ya Dar es Salaam, picha za tembo, twiga na mbuyu zimetundikwa kwa mamia, moja ikifanana na nyingine, na aghalabu muuzaji aliyesimama mbele yake siye aliyeichora.

Hapo ndipo penye kinaya. Soko lililojengwa kwa mchoraji kusimama kando ya picha yake liligeuka kuwa soko ambamo mchoraji haonekani. Mnunuzi asipomwona msanii hana sababu ya kulipa zaidi kwa picha hii kuliko ile ya jirani, na bei hushuka hadi kukaribia gharama ya rangi.

Nairobi imepitia jambo kama hilo kwa njia nyingine. Soko la Wamaasai, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likihama kutoka uwanja mmoja hadi mwingine kulingana na siku ya wiki, liliundwa ili mafundi wauze wenyewe. Lakini katikati ya mgeni na fundi amejipenyeza dalali. Humpokea mgeni langoni, humbebea mfuko, humwandikia orodha ya bei na kubaki na tofauti. Fundi yupo sokoni, ila mazungumzo ya bei yamekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine.

Ukuta wa kuazima

Katika mji usio na jumba la sanaa, ukuta wa mkahawa ndio mbadala wa kwanza. Mwenye mkahawa hupata pambo asilolipia, na mchoraji hupata macho ya watu wanaokaa saa nzima mbele ya kahawa. Watu wa pwani wanaujua utaratibu huo kwa jina la mali kauli: bidhaa hukabidhiwa kwa maneno, na malipo huja baada ya kuuzwa.

Hesabu yake inafaa kutazamwa kwa mfano. Chukulia kwamba picha inauzwa rial 40, ambazo ni takriban dola 104 za Marekani kwa kiwango cha ubadilishaji kilichowekwa tangu mwaka 1986. Kanvasi, rangi na fremu zimegharimu rial 12. Jumba la sanaa likitoza nusu ya bei, kiwango ambacho si kigeni katika biashara hiyo duniani, msanii hubaki na rial 20, na akiondoa gharama zake, rial 8. Mkahawa ukitoza asilimia 20, yaani rial 8, msanii hubaki na rial 20 baada ya gharama. Akiuza mwenyewe katika meza aliyoikodi kwa rial 30 kwa usiku tatu, kila picha humwachia rial 28. Akiuza moja, amepata hasara ya rial 2. Akiuza mbili, amepata faida ya rial 26.

Kwa hiyo meza hulipa zaidi pale tu idadi ya picha zinazouzwa inapopanda. Ndiyo maana wauzaji wazoefu wa sanaa ndogondogo hawapeleki picha kubwa peke yake. Huweka pembeni nakala za kuchapa, kadi na alama za vitabu kwa rial moja au mbili, ili kijana asiye na uwezo wa kununua picha asiondoke bila kitu, na ili kodi ya meza ilipwe na vitu vidogo.

Hesabu hiyo pia haijataja muda. Usiku tatu wa kusimama ni usiku tatu bila kuchora. Na hali ya hewa ya Oman ina neno lake. Kuanzia mwezi wa Mei hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, na hakuna anayesimama kutazama picha nje. Msimu halisi wa kuuza barazani na bustanini ni wa miezi ya baridi, takriban kutoka Novemba hadi Machi. Kwa miezi iliyobaki msanii hutegemea kuta za ndani, yaani kuta za watu wengine.

Hatari ya kuta hizo haiko katika asilimia 20. Iko katika mambo ambayo hayakusemwa siku picha ilipotundikwa. Mvuke wa jikoni ukiiharibu, nani analipa? Mkahawa ukiuzwa kwa mmiliki mpya, picha ni za nani? Mteja akilipa kwa kadi katika mashine ya mkahawa, fedha humfikia msanii baada ya siku ngapi? Karatasi moja yenye orodha ya picha, bei, asilimia na tarehe ya kuzichukua, iliyotiwa saini na pande mbili, hujibu maswali yote hayo. Wengi huona haya kuidai kwa sababu mwenye mkahawa ni rafiki. Lakini mali kauli bila daftari ndiyo iliyovunja urafiki mwingi wa watu wa pwani.

Bei ya ndugu

Al Amerat, kama sehemu nyingine za Muscat, ina wakazi ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwao. Wengi ni wa familia zilizoondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, au zilizokuja kutoka Afrika Mashariki na Maziwa Makuu baada ya Sultan Qaboos kuwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi kuanzia mwaka 1970. Kwao picha ya jahazi, ya mlango wa Unguja uliochongwa nakshi, au ya mikarafuu ya Pemba si pambo tu.

Jengo la Beit al-Ajaib lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba mwaka 2020, likiwa katika ukarabati uliogharimiwa na Oman, huzuni ilifika Muscat kama ilivyofika Forodhani. Picha ya jengo hilo kabla ya kuanguka ina thamani ambayo mtalii hawezi kuikadiria.

Hapa mauzo ya uso kwa uso hufanya kazi ambayo duka haliwezi. Bibi aliyezaliwa Mkunazini akisimama mbele ya picha ataeleza kwamba baraza ilikuwa upande huu na si ule, na kwamba pale pembeni palikuwa na muuza kahawa. Mchoraji akimsikiliza, picha inayofuata itakuwa ya kweli zaidi, na pengine itakuwa imekwisha kuagizwa kabla rangi haijafunguliwa. Ladha za mahali pia hujulikana kwa njia hiyo. Zipo nyumba zisizopenda sura za viumbe hai ukutani, na humo khati, ngome, milima na milango hupata nafasi ambayo sura za watu hazipati.

Lakini bibi huyo huyo, baada ya kusifu, atasema: "Mwanangu, mimi ni kama mama yako, nipunguzie." Kumkatalia mtu wa makamo ya mama ni utovu wa adabu. Kumkubalia kila anayesema hivyo ni kufunga biashara. Jamii ndogo inayofahamiana humletea msanii wateja wa kwanza, na papo hapo humvutia chini kwa bei ya ndugu. Tingatinga aliuza kwa wapita njia wasiomjua, na hilo lilimwepusha na mtihani huu.

Njia inayotumiwa na wafanyabiashara wenye busara ni kuandika bei juu ya kila picha na kutoibadilisha, kisha kutoa heshima kwa namna nyingine: kadi ndogo ya zawadi, fremu bila malipo, au kumpelekea mzee picha hadi nyumbani. Bei iliyoandikwa hailengi mtu, hivyo haimvunjii mtu heshima. Tena humlinda mnunuzi wa jana asije akasikia kwamba jirani yake amepata picha kama yake kwa nusu ya fedha.

Nani ana haki ya kuuza

Tofauti kubwa kati ya wauzaji wawili waliokaa meza moja huko Al Amerat huenda isionekane katika picha zao. Iko katika kitambulisho kilicho mfukoni.

Raia wa Oman ana njia iliyo wazi. Anaweza kuomba leseni ya biashara inayofanyiwa nyumbani, na serikali imekuwa ikihimiza biashara ndogo kama sehemu ya jitihada za kupunguza utegemezi wa mafuta. Mwaka 2003 iliundwa mamlaka maalumu ya kazi za mikono, na mwaka 2020 shughuli zake zilihamishiwa katika mamlaka inayoendeleza biashara ndogo na za kati. Ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 5, ulioanza kutozwa mwezi wa Aprili mwaka 2021, haumgusi muuzaji mdogo moja kwa moja, kwa kuwa kujisajili ni lazima kwa biashara yenye mauzo yanayozidi rial 38,500 kwa mwaka.

Hali ni tofauti kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda aliyekwenda Muscat kwa mkataba wa kazi. Kibali chake cha kuishi kimefungamanishwa na mwajiri wake na kazi iliyoandikwa katika mkataba. Sheria ya kazi iliyotolewa mwaka 2023, kama iliyoitangulia, haimruhusu kujiajiri pembeni bila idhini inayotakiwa. Dereva anayechora vizuri, au mfanyakazi wa nyumbani mwenye kipaji cha kushona picha za vitambaa, anaposimama nyuma ya meza na kupokea fedha, machoni pa mkaguzi anafanya kazi nyingine. Adhabu inaweza kuwa faini, kupoteza kazi au kurudishwa nyumbani.

Wapo wanaodhani kwamba suluhisho ni kutumia jina la rafiki mwenye uraia. Njia hiyo ni ya hatari zaidi, maana Oman imezidisha masharti dhidi ya biashara ya kujificha, ambamo mgeni huendesha shughuli chini ya leseni ya mwenyeji. Anayeazima jina na anayeliazimisha wote huwajibika. Tena kuna hatari isiyohusu serikali: fedha zikiingia katika akaunti ya mwenye jina, msanii hana ushahidi wowote kwamba ni zake.

Sheria ya uwekezaji wa kigeni ya mwaka 2019 iliruhusu wageni kumiliki kampuni kikamilifu katika sekta nyingi, lakini gharama za kufungua kampuni hazilingani na mauzo ya picha tatu kwa mwezi. Njia iliyobaki kwa mgeni ni kuonyesha kazi bila kuuza, au kuikabidhi kwa jumba lenye leseni liiuze kwa jina lake, kwa mkataba wa maandishi na kwa idhini ya mwajiri. Hapo kamisheni ya nusu ya bei, ambayo kwa raia ni mzigo, kwa mgeni huwa ada ya usalama.

Namba chini ya kinyago

Afrika Mashariki ina mfano ambao haujapewa heshima unayostahili. Mjini Mombasa, eneo la Changamwe, wachongaji wa Kikamba waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1963. Ufundi huo wa kuuza vinyago ulienea Ukambani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kupitia kwa Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji Tanganyika alipokuwa vitani. Wachongaji wa Changamwe walikubaliana juu ya utaratibu mwepesi: kila mwanachama ana namba yake, na namba hiyo huwekwa kwenye kila kazi inayoingia katika chumba cha mauzo. Kinyago kikiuzwa, daftari linaonyesha ni cha nani na analipwa nani.

Mgeni huona karakana yenye wachongaji wengi wakiwa kazini, na huo ndio mvuto wa kuuza mahali kazi inapofanyika. Lakini fundi hahitaji kuacha patasi ili ashindanie bei langoni. Namba ile ndogo imechukua nafasi ya dalali.

Ukilinganisha Changamwe na Oyster Bay ya miaka ya mwanzo, tofauti haiko katika ubora wa mikono. Tingatinga alikuwa na jina lisilo na daftari, na wachongaji wa Mombasa walikuwa na daftari hata pale majina yao hayakujulikana. Msanii wa Al Amerat anahitaji vyote viwili.

Sheria inaweza kumsaidia akiitumia. Oman ilijiunga na Mkataba wa Berne wa haki za waandishi na wasanii mwaka 1999, na sheria yake ya hakimiliki ni ya mwaka 2008. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1994. Msingi wake ni kwamba anayenunua picha amenunua kitu kile kimoja, na haki ya kukichapisha juu ya vikombe, fulana au kalenda hubaki kwa mchoraji isipokuwa ameiuza kwa maandishi. Mwenye mkahawa anayepiga picha ukuta wake na kuutumia katika tangazo anapaswa kuomba ruhusa.

Lakini hakimiliki hulinda kazi mahususi, hailindi mtindo. Ndiyo sababu hakuna mahakama iliyoweza kuwazuia maelfu ya wachoraji kuchora tembo kwa namna ya Tingatinga. Dhidi ya kuigwa, kinga ya msanii ni kuwa anajulikana: saini mbele, jina kamili na mwaka nyuma ya kanvasi, stakabadhi yenye kichwa cha picha, na orodha ya walionunua. Orodha hiyo ndiyo mali kubwa anayoondoka nayo bustanini. Mnunuzi wa msimu huu akiitwa msimu ujao, huja, na mara nyingi huja na mwenzake.

Kinachoweza kubadilishwa

Manispaa na waandaaji wa matamasha wana uwezo wa kubadili hali hii bila gharama kubwa. Meza za bei nafuu zilizotengwa kwa wachoraji wanaoanza, kibali cha usiku mmoja kinachopatikana kwa urahisi, na mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja kwa mikahawa vingewatoa wengi katika biashara ya kificho. Kwa wageni, utaratibu wa kuonyesha na kuuza kupitia jumuiya yenye leseni ungewapa mlango halali, nao waandaaji wangepata kazi kutoka Bagamoyo, Lamu na Jinja bila kuzisafirisha.

Wapo watakaosema kwamba picha chache ukutani mwa mkahawa hazistahili mikataba na stakabadhi. Pale Morogoro Stores mwaka 1968 kulikuwa na vipande vichache vya hadibodi tu. Leo mtindo uliotokana navyo unajulikana karibu dunia nzima, na sehemu kubwa ya fedha zake imepitia mikono isiyoshika brashi.

Kuta tupu za Al Amerat bado ni nyingi, na msimu wa baridi hurudi kila mwaka. Mchoraji atakayekwenda bustanini na picha kumi, bei kumi zilizoandikwa na kitabu cha stakabadhi huenda akarudi na picha saba. Lakini zile tatu zilizouzwa zitakuwa na majina ya wenyewe, wote walionunua na aliyechora, katika daftari moja.